Mifano ya Ambilikile

Ambilikile aliitikisa chupa ya soda karibu na sikio, kama anayetaka kujua imejaa kiasi gani, kisha akaifungua. Soda ikamrukia usoni ikashuka mpaka kifuani. Akashtuka kweli kweli. Alilitazama shati lake, akamtazama Atupele, halafu akacheka kwa ile sauti yake ya mtu aliyezoea kupiga kelele uwanjani.

"Ebo! Hii soda ina wazimu?"

Atupele naye akacheka, akampa leso ajifute. Kila msikilizaji wa Ukumbi wa Kueleza ana vituko vyake, na kituko cha Ambilikile kilikuwa hiki: kila akipewa soda humrukia, na kila ikimrukia hushangaa. Wapishi wa kantini walikuwa wanaacha vyungu na kuja dirishani kumwangalia. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mtu mzima, refa aliyechezesha mpira Rungwe nzima, mwenye akili zake timamu, ashindwe kujifunza jambo ambalo mtoto wa chekechea hulijua akishalowa mara moja.

Atupele hakujiuliza pia, walau si siku hiyo, maana alikuwa na yake kichwani. Juu ya kilima, kisima cha mvuke cha Lwangu kilikuwa kinavimba. Mhandisi Anyosisye, mtu pekee ambaye kiganja chake kilifungua mlango wa chumba cha koki ya kupunguza mvuke, alikuwa hospitalini na nusu ya mwili haisikii. Mhandisi mwingine alikuwa ametumwa, lakini gari lake lilikwama ng'ambo ya maporomoko ya udongo. Na chini ya kisima kuna Kibumbe, mtaa wa nyumba zilizobanana, ambako tangu asubuhi watu walikuwa wanatoka na magodoro kichwani. Wenye miguu walitoka. Wagonjwa na vikongwe walikuwa bado ndani wakisubiri wa kuwabeba.

Atupele, mhandisi aliye mafunzoni, alikuwa amebakiza sehemu ya mwisho ya somo la kisima. Akimweleza Ambilikile, naye akaelewa, na taa ya ukutani ikawaka kijani, kiganja cha Atupele kingeandikwa kwenye mlango ule. Taa isipowaka, mlango usingefunguka kwa mtu yeyote, hata kilima kingeruka.

"Baba, nina ombi," alisema. Alijua fika kwamba somo la wiki iliyopita lilikwisha kusuuzwa na mashine kichwani mwa mzee ili arudi kutojua, ndiyo kazi ya msikilizaji, lakini mfano si somo. "Leo nitaanza tena na yale maharage ya mama Tumpe."

"Maharage gani?"

"Yale aliyokuwa anayapika na jiwe juu ya mfuniko."

"Jiwe juu ya mfuniko?" Ambilikile aliacha kujifuta. "La nini?"

Atupele alidhani anataniwa. Wiki iliyopita mzee huyu alikuwa amelizungumzia jiwe lile mpaka msimamizi akamwomba afupishe. Marehemu mkewe, Tumpe, alilitoa mwenyewe mtoni siku walipohamia nyumba yao, jiwe jeusi, bapa, na hakuruhusu mtu kuligusa. Huku juu ni baridi, maharage hayaivi upesi, na Tumpe hakuwa mwanamke wa kusubiri sufuria. Atupele alilidaka jiwe lile hewani, akaeleza kwalo jinsi maji yaliyobanwa yanavyoweza kupata moto mkali bila kuruka nje, na taa ikawa kijani kabla hajamaliza sentensi. Watu walimpigia makofi.

"Tena umenikumbusha," alisema Ambilikile. "Juzi nimelikuta jiwe jikoni kwangu. Jeusi hivi, bapa. Nikajiuliza, nani kaniletea jiwe ndani ya nyumba? Nikalitupa bondeni."

Alilisema hilo kwa wepesi wa mtu anayekuambia amefagia uwanja.

"Baba," aliuliza Atupele taratibu, "ukijaza baiskeli upepo, pampu inakuwaje?"

"Inakuwaje?"

"Inapata moto mkononi."

"Acha utani wako, mwanangu."

"Na chapati ikiwa kwenye kikaango, inavimba. Kwa nini?"

Mzee akatikisa kichwa, huku anatabasamu kwa adabu ya mtu asiyetaka kuharibu mazungumzo. Soda, pampu, chapati. Ndiyo mifano ya kila mtahiniwa aliyewahi kukaa mbele yake, maana sote tunaanzia hapo hapo. Waliiokota kichwani kwake mmoja baada ya mwingine, wakaelezea kwayo, na suuzo lilipokuja kuosha somo likaondoka na kile ambacho somo lilining'inia kwacho. Na kadiri mwelezaji alivyokuwa hodari, ndivyo alivyochagua kitu kilicho karibu zaidi na moyo wa msikilizaji. Atupele alikuwa hodari kuliko wote. Hilo ndilo lililomfanya ainuke mezani bila kuaga.

*

Msimamizi Gwakisa alikuwa kwenye korido, simu sikioni, akimwelekeza mtu nyumba ya mama yake Kibumbe. "Mlango wa bluu. Hawezi kusimama, mumbebe na kiti chake." Alipokata simu alikuta Atupele amemzibia njia.

"Msimamizi, suuzo haliishii kwenye somo."

Gwakisa hakushangaa, na hilo lilimuuma Atupele kuliko jibu lolote ambalo angepewa.

"Kila kazi ina uchovu wake, Mhandisi."

"Huu si uchovu. Mzee amelitupa jiwe la marehemu mkewe, hajui hata lilikuwa la nini."

"Jiwe," alisema Gwakisa. "Mama yangu yuko chini ya kile kisima, nawe unaniletea habari za jiwe."

"Basi asisuuzwe leo. Nikifaulu, mwache alivyo."

"Ungekuwa uamuzi wangu ningemwacha. Mashine haiandiki kiganja kabla ya suuzo. Walifanya hivyo makusudi, wasikilizaji walikuwa wanauza majibu."

"Nipe msikilizaji mwingine. Nipe hata mpishi."

"Kofia ya mashine inachukua wiki nzima kuzoea kichwa kipya. Tuna wiki?"

Hawakuwa nayo. Kwenye mlango wa ukumbi, nyuma ya bega la Gwakisa, palikuwa na bango la siku nyingi: TUNASUUZA SOMO TU. Atupele alilisoma tena. Alikuwa amepita chini yake tangu siku ya kwanza ya mafunzo na hakuwahi kulitilia shaka.

Bango lile lilitundikwa baada ya bwawa kubwa la kusini kupasuka. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapakiwa elimu kichwani, mchana mmoja tu mtu anatoka ni daktari, au rubani, au mhandisi. Yule mhandisi wa bwawa aliweza kutaja kila kanuni ya maji kwa mpangilio, na alikuwa bado anazitaja maji yalipomfikia. Ndipo ikagundulika kwamba elimu ya kupakiwa haikai mpaka mwenyewe aivunjevunje kwa maneno mepesi mbele ya mtu asiyeijua, mtu huyo naye aielewe na kuirudisha. Ikatungwa sheria. Shida ni kwamba mtu asiyejua habaki asiyejua ukimweleza vizuri, ndiyo maana kukawa na suuzo, na wasiojua walio wakweli ni wachache. Wengi wetu ukitueleza jambo tunaitikia "nimeelewa" ili kumsitiri mwelezaji. Ambilikile alikuwa refa, hakuona haya kusimamisha mchezo. Kwa hiyo walimtumia sana.

"Tafuta mfano usiomuumiza," alisema Gwakisa, na sasa sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Wewe ndiye bingwa wa mifano, dada yangu. Tafadhali."

*

Walimvika Ambilikile kofia ya nyaya, yeye akatoa filimbi yake mfukoni na kuiweka mezani. Wasikilizaji wengine walipewa kengele, yeye aliikataa tangu siku ya kwanza. Taa ya ukutani iliwaka nyekundu. Gwakisa aliketi kwenye meza ya pembeni.

"Chini ardhini kuna maji," alianza Atupele. "Ni ya moto kupita maji ya sufuria yoyote, lakini hayachemki, kwa sababu ya kanieneo."

Filimbi ikalia. "Faulo! Huyo Kanieneo ni nani?"

"Uzito unaoyakandamiza maji kutoka juu."

"Sema hivyo basi. Cheza."

Atupele alicheza, lakini alicheza kwa miguu iliyofungwa. Kila mfano uliomjia ulikuwa wa nyumbani kwa mzee, na kila alipouona aliurudisha. Alichora bomba. Akataja vipimo. Akaeleza kwamba ukiyafungulia maji yale ghafla, uzito unaondoka kwa mara moja, na maji yote yanageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unahitaji nafasi kubwa sana kuliko maji, kwa hiyo bomba linapasuka. Ambilikile alisikiliza kwa bidii mpaka mshipa ukamtoka kwenye paji la uso. Taa haikutikisika.

Vioo vya madirisha vilitetemeka. Kule juu kilima kilinguruma, kikanyamaza. Atupele alichoka, na kwa uchovu sauti yake ikateleza kwenye ile ya darasani, ambayo sisi sote tumelelewa nayo.

"Kwa hiyo maji yakibanwa sana, hata yakiwa ya moto, hayache...?"

"...mki!" aliitikia Ambilikile papo hapo, kifua mbele.

Gwakisa akagonga meza. "Mhandisi! Hapa si darasa la pili. Kumalizia neno si kuelewa."

Taa ilikuwa nyekundu vile vile. Mzee aliitazama, kisha akamtazama Atupele kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyefeli.

Atupele akajaribu kutoa cha kwake. Alimsimulia jinsi alivyokuwa bwenini, akabanwa na kicheko wakati wa sala, akakizuia, akakizuia, mpaka kikamtoka chote kwa mkupuo na matroni akamtoa nje. Taa ikapanda ikawa ya njano, ikashuka tena.

"Kicheko kile ni chako, mwanangu," alisema Ambilikile. "Nakuamini, ila mimi sikuwapo." Akafumba macho. "Lakini ngoja. Inanijia. Unasema kitu kina moto, lakini kimetulia, na kimetulia kwa sababu kimebanwa. Halafu mtu anakiachia chote mara moja. Si ni kama ile siku ya msiba wa Tumpe?"

Taa ikaruka njano, ikabaki hapo.

"Nyamaza, baba!" Atupele aliinuka na kumvua kofia kwa mikono miwili. Gwakisa naye akasimama. Na hapo hapo, mbele yake, Atupele akamweleza mzee kila kitu: soda, pampu, chapati, na jiwe.

Ambilikile aliigeuza filimbi yake pale mezani.

"Lile jiwe lilikuwa lake?"

"Lilikuwa lake."

"Nami nimelitupa." Alijifuta uso kwa ile leso yenye soda. "Ulijua lini wewe?"

"Leo. Kule kantini."

Mzee aligeuka dirishani. Kwenye barabara ya Kibumbe watu wawili walikuwa wamebeba kitanda na mtu juu yake. "Kile kisima kikipasuka, wale wanapona?"

"Hawaponi, baba."

"Basi itumie siku ya msiba. Wala usinionee huruma. Ungenichukulia siku ya harusi yangu ningekupiga. Lakini ile? Nimechezesha mechi watu wakanirushia mawe mpaka nikakimbilia chooni, na sijachoka kama ninavyochoka kila nikiamka nikaikuta siku ile imekaa kitandani inanisubiri. Ichukue."

"Na ukisahau kwamba mama hayupo?"

Ambilikile akacheka kidogo. "Kaburi liko nyuma ya nyumba. Ninalipalilia mwenyewe. Nitasahauje?"

Hapo ndipo Atupele alipokuwa na nafasi ya kusema hapana. Alijua kwamba jiwe nalo lilikuwa ndani ya nyumba, mbele ya macho yake, na halikumsaidia kitu. Alijua kwamba mtu anayetoa ruhusa namna ile haoni anachoruhusu, na kwamba yeye anakiona. Alimtazama Gwakisa aliyekuwa anaminya simu yake kwa mikono miwili. Aliwatazama wale wabeba kitanda. Aliona aibu na woga kwa pamoja, na zaidi ya vyote aliona hasira, kwa sababu mzee alikuwa amemrahisishia.

"Nisimulie kwanza," alisema. "Bila kofia. Siku yote, usiache kitu."

Mzee akasimulia. Asubuhi ile Tumpe alikuwa anamgombeza kwa kununua chumvi ya mawe badala ya ile laini. Alikuwa anakata vitunguu. Akasema kifua kinambana, akakaa chini jikoni, na Ambilikile akamshika mkono, na mkono ule ulikuwa unanuka vitunguu mpaka ulipopoa. Hawakujaaliwa mtoto, kwa hiyo alikuwa peke yake. Majirani walipofika wanaume walimweka katikati wakamwambia jikaze, wewe ni mwanaume, tena wewe ni refa. Akajikaza. Akajikaza wakati wa kuchimba, akajikaza wakati wa kuzika, akawa anawaandalia wageni viti. Waliposifia moyo wake mgumu aliona fahari. Wa mwisho alipokunja mkeka wake na kuondoka, Ambilikile aliingia jikoni, akaona ubao wa vitunguu, na chote kikamtoka kwa mara moja. Alivunja mlango. Alivunja vyombo vyote vya Tumpe, hiki na kile. Akatoka mbio mpaka uwanja wa mpira, akapiga filimbi katikati ya uwanja mtupu mpaka majirani wakaja kumfunga kamba.

"Ningelia kidogo kidogo tangu asubuhi," alisema, "vikombe vyake ningekuwa navyo."

Atupele alikuwa amesoma kanuni za kisima kile miaka, na alizijua. Lakini ni wakati ule tu, akiwa anamsikiliza, alipoelewa kwa nini mkono wa mtu unataka kufungua koki yote pale inapokatazwa zaidi. Alimrudishia mzee kofia kichwani.

"Basi baba, kisima ni wewe siku ile. Watu waliokuambia jikaze ndio ule uzito. Na mimi ndiye ninayekwenda kuingia jikoni."

"Usinifungulie chote," alisema Ambilikile taratibu. "Aliyebanwa humwachii kwa mkupuo. Unampa upenyo, analia kidogo, unasubiri atulie. Unampa tena. Hata watu wakikupigia kelele umalize, humalizi. Ukiharakisha, anavunja nyumba."

Chumba kizima kikawa cha kijani.

Gwakisa alibonyeza kitufe bila kumtazama mtu. Mashine ikavuma, mzee akafumba macho kama anayeoshwa nywele. Atupele hakusubiri kuona. Alikimbia.

*

Mlango wa chumba cha koki ulikitambua kiganja chake. Ndani palikuwa na joto la kukata pumzi, na mshale wa kipimo ulikuwa umelala upande wa mwisho kabisa. Kutoka nje walinzi walikuwa wanapiga kelele, "Fungua! Fungua yote, dada, tunakufa!"

Akazungusha usukani wa koki kidogo. Mvuke ukapiga mluzi juu ya kilima, bomba likatikisika, likatulia. Akasubiri. Mikono yake ilitaka kuendelea, kila kilicho ndani yake kilitaka kuendelea, na walinzi walikuwa wanamtukana sasa. Alisubiri mpaka mlio uliposhuka, ndipo akazungusha tena. Alifanya hivyo mchana mzima. Mara nyingi katikati ya kusubiri alijikuta anazungumza peke yake, anasema lia, pumzika, lia tena, na machozi yanamtoka. Mshale ulipoanza kurudi, walinzi waliacha matusi wakaanza kuimba.

Kibumbe ilibaki pale pale ilipokuwa.

*

Alipoteremka, njia ilikuwa imejaa watu wanaorudi na magodoro yao. Walimshika mikono, mwanamke mmoja akamwekea kuku kwapani kwa nguvu. Atupele alimpa mtu wa pili kuku yule akaendelea kutembea. Alikuwa anamtafuta Ambilikile.

Alimkuta kwenye ngazi za ukumbi, amenawa uso, amechana nywele. Gwakisa alikuwa amesimama mbali, chini ya ukuta. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu naye, salama, anakunywa chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Nasikia umetuokoa. Hongera sana." Alikuwa na uso mwepesi ambao Atupele hakuwahi kumwona nao, uso wa mtu aliyelala vizuri. "Kaa, kaa. Mimi namsubiri Tumpe. Hebu niambie, ni mwanamke gani huyu? Mji mzima unahama, yeye haonekani. Hukumwona huko njiani?"

Atupele hakukaa.

"Baba, nyuma ya nyumba yako pana nini?"

"Nyuma ya nyumba? Pana tuta. Nalipalilia kila wiki." Akafikiri. "Viazi vitamu, nadhani. Lakini havijatoa hata jani."

Gwakisa alimsogelea Atupele, akamnong'oneza. "Mwache. Huoni alivyo na furaha? Tutamwambia amesafiri kwao."

Atupele alilifikiria hilo, na ni uongo kusema hakulitamani. Ingekuwa rahisi. Mzee angekwenda nyumbani, angewasha taa, angeacha mlango bila komeo, na kesho angekuja kukaa kwenye ngazi zile zile. Na kesho kutwa. Na wote wangekuwa wema kwake. Aliketi kando yake.

"Baba, mama Tumpe ametutoka."

"Ametoka saa ngapi?"

"Namaanisha, ametangulia."

"Katangulia nyumbani? Ufunguo si ninao mimi!" Aliutoa mfukoni akamwonyesha.

"Hatunaye tena, baba. Mungu alimpenda zaidi."

Ambilikile alikunja uso. Alikuwa anajitahidi, Atupele alimjua alivyo akijitahidi. "Mwanangu, unanizungusha na maneno makubwa. Mimi kazi yangu ni msikilizaji. Nieleze kwa maneno mepesi, nitaelewa."

Alitafuta mfano. Alikuwa bingwa wa mifano, na hakupata hata mmoja, maana yote iliyobaki ilikuwa ya mzee, na asingeigusa tena. Lilibaki neno lenyewe, lile kavu, ambalo mtu mwenye adabu halisemi juu ya mke wa mtu mbele yake.

"Amekufa," alisema. "Mama Tumpe amekufa, baba. Mwaka juzi."

Watu walikuwa wanapita wakiimba. Ambilikile alitazama ufunguo mkononi, akatazama njia, akaurudisha mfukoni.

"Mwaka juzi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Swali lile lilimchoma Atupele mahali ambapo hakujua kama panachomeka. "Ulikuwa naye. Ulikuwa umemshika mkono."

"Nani amekuambia?"

"Ulinisimulia wewe. Ulinisimulia siku yote." Akavuta pumzi. "Ninayo mimi. Nilikuchukulia leo, ili nifungue koki. Nilijua utaipoteza, nikakuacha uipoteze."

Mzee alimtazama, na Atupele hakugeuza uso. Hakumwona akimsamehe, wala hakuomba. Midomo ya Ambilikile ilianza kutetemeka, akaibana, akakaza taya na shingo.

"Usijikaze, baba."

"Nieleze," alisema Ambilikile. "Polepole. Mimi sijui kitu."

Atupele akaanza na asubuhi, na chumvi ya mawe, na jinsi Tumpe alivyomgombeza. Mzee akalia kwa ajili ya chumvi. Alimsubiri mpaka akanyamaza mwenyewe, kisha akamweleza habari za vitunguu.